“Mnatangaziwa”: Lugha ya Uongozi wa Vyuo kwa Wanachuo na Wahitimu Wakati wa Korona, kwa Mtazamo wa Butimba

Utangulizi

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Tarehe 18 Machi agizo hilo likavifikia vyuo vikuu na vyuo vingine. Katika muda wa siku tatu, kila mkuu wa chuo nchini alijikuta na kazi ya lugha ambayo hakuwahi kuifanyia mazoezi: kuwaambia watu wengi, kwa maneno machache, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuujua mwisho wake.

Mhadhara huu unakusudia kuichunguza kazi hiyo ya lugha. Mahali pa kusimamia pamechaguliwa kuwa Butimba, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, kwa sababu mazingira yake yanalifaa somo. Butimba kuna Chuo cha Ualimu. Jirani, upande wa Nyegezi na Malimbe, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Juu ya kilima cha Bugando kuna hospitali ya rufaa na chuo kikuu cha afya. Ukanda huu mfupi wa pwani ya ziwa unaonyesha hali ya lugha katika elimu ya Tanzania nzima: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia ualimu ngazi ya cheti, na Kiingereza ngazi ya stashahada, chuo kikuu nacho hufundisha kwa Kiingereza. Lakini jambo la kutisha linapotokea, mwanachuo wa ngazi yoyote hutaka kuambiwa kwa Kiswahili.

Hakuna tangazo la chuo fulani litakalohukumiwa hapa. Kinachochunguzwa ni mtindo, yaani ule utaratibu wa maneno ambao kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha Tanzania anautambua hata kabla ya kusoma jina la aliyetia sahihi. Hoja yenyewe ni kwamba mtindo huo ulitengenezwa kwa ajili ya kuagiza, na janga lilipokuja likaudai ufanye kazi nyingine, ya kuzungumza na watu wenye hofu. Sarufi yake haikuwa tayari.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Tangazo la chuo huanza, kwa kawaida, na neno moja: mnatangaziwa. Wakati mwingine ni mnaarifiwa, mnakumbushwa au mnaagizwa, lakini mjengo ni uleule. Tukilipasua neno hili tunapata m-na-tanga-z-i-w-a. Shina ni tangaa, yaani kujulikana kote. -Z- inalifanya liwe tendo la kusababisha kujulikana. -I- inaonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu. Na -w- inamgeuza mtu huyo kuwa kiima huku ikimfuta mtendaji. Viambishi vitatu vya unyambulishaji vimepangwa mfululizo, na mwisho wa kazi yao yote msomaji yupo, habari ipo, lakini anayesema hayupo. Ni neno zuri kwa mwanaisimu. Kwa msomaji mwenye swali si zuri hata kidogo, kwa maana halimwonyeshi wa kumwuliza.

Katika nyakati za kawaida hasara hii ni ndogo. Mwanachuo anayetangaziwa kwamba umeme utakatika Jumamosi hana haja ya kujua nani ameamua. Machi 2020 ilikuwa tofauti. Mwanachuo aliyesikia kwamba chuo kinafungwa alikuwa na maswali yanayofuatana: nauli itatoka wapi, vitu vilivyo bwenini vitabaki salama, mazoezi ya kufundisha yatahesabiwaje, mkopo utaendelea, na la kutisha kuliko yote, je, yeye mwenyewe anaweza kuupeleka ugonjwa nyumbani kwa bibi yake? Kwa wengi kwenda nyumbani kulimaanisha safari ndefu. Wa Geita na Kagera walipita kivuko cha Kigongo na Busisi, kwani daraja la mahali hapo lilifunguliwa mwaka 2025 tu. Kivuko ni mahali ambapo watu husimama bega kwa bega. Agizo la kuepuka misongamano na agizo la kwenda nyumbani yalikuwa ya busara yote mawili, lakini katikati yake palihitajika sentensi ya tatu, inayomwambia msafiri afanyeje njiani, na mtindo wa mnatangaziwa hauna desturi ya kubeba sentensi ya namna hiyo.

Neno kufungwa nalo lina kisa chake. Kiswahili hutumia kitenzi kimoja, funga, kwa mambo mengi: mlango, mzigo, saumu, bao, muhula. Shule inapofungwa mwezi Juni watoto hushangilia; ni likizo. Kitenzi kilekile ndicho kilichotumika Machi 2020, na ndiyo maana baadhi ya wasikilizaji waliipokea habari ya janga kwa moyo wa likizo. Lugha haikuwapa alama ya kutofautisha. Lilikuwepo neno jingine, kusitisha masomo, ambalo lingeeleza kwamba kazi imekatwa katikati na itaendelea, lakini lilitumika kwa nadra zaidi. Kwa wakazi wa Butimba kuna maana ya ziada, kwa sababu katani kwao kuna gereza kuu, na mtu akisema fulani amefungwa Butimba hakuna anayeuliza kama ni likizo. Huo ni mzaha wa mtaani, lakini unamkumbusha mtunga tangazo kwamba neno husomwa pamoja na mahali lilipobandikwa.

Muda wa kufungwa nao ulikuwa tatizo la lugha. Siku 30 ni hesabu. Mtu anaweza kuzipanga. Mwezi Aprili 2020 hesabu hiyo iliondolewa, na vyuo vikabaki vimefungwa hadi itakapotangazwa tena. Kauli hii, hadi itakapotangazwa, inaficha mtendaji kwa mara ya pili na inaongeza kuficha wakati. Ukweli ni kwamba hakuna kiongozi yeyote duniani aliyekuwa na tarehe wakati ule. Kando ya ziwa hilihili, Kenya ilianza kurudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020, na Uganda ikazifungua shule zake kikamilifu Januari 2022 tu. Kutokuwa na tarehe si kosa. Lakini ipo tofauti kati ya kusema itatangazwa na kusema hatujui bado, tutawaandikia kila Ijumaa hata kama hakuna jipya. Sentensi ya pili ina mtu ndani yake, na ina siku.

Hapa kuna jambo la sarufi linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kiambishi tu- cha Kiswahili hakitofautishi kati ya sisi tunaosema bila ninyi na sisi sote pamoja. Tunasikitika kuwatangazia ni tu- ya uongozi peke yake. Tujikinge ni tu- ya wote. Lugha nyingine za dunia zina viambishi viwili kwa maana hizi mbili. Kiswahili kinamwachia msikilizaji aamue kwa muktadha. Utata huu ungeweza kuwa mali kubwa wakati wa janga. Mkuu wa chuo anayeandika tutaendelea kunawa mikono hahitaji kueleza kama yeye naye anahesabiwa. Sarufi imekwisha kumwingiza. Anayeandika mnaagizwa kunawa mikono amejitoa nje, na msomaji anajua hivyo bila kufikiri.

Maji tiririka na kibuyu chirizi

Msamiati wa korona uliundwa haraka, na sehemu kubwa uliundwa vizuri. Inafaa hilo lisemwe, kwa kuwa wapo wanaodhani Kiswahili hungoja kusaidiwa. Barakoa ni neno la kale la pwani, lenye asili ya Kiarabu, lililokuwa likitaja kifuniko cha uso cha wanawake. Mwaka 2020 liliamka na kuvaliwa na kila mtu, wanaume kwa wanawake. Karantini ilikuwa ikijulikana tayari. Kirusi na virusi ni mfano wa darasani: neno la kigeni lilianza na sauti vi, wasemaji wakalichukulia kuwa wingi, wakaliundia umoja wake. Baadaye ikaja UVIKO, iliyotokana na ugonjwa wa virusi vya korona, kwa njia ileile ya silabi iliyozaa UKIMWI kutokana na upungufu wa kinga mwilini. Watu wa Kanda ya Ziwa wana kumbukumbu yao juu ya neno hilo la pili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kabla ya jina la kitaalamu kufika, wenyeji waliuita ugonjwa Juliana, jina la kitambaa cha biashara kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Jina la mtaani lilikuwa na maelezo ndani yake: ugonjwa ulitoka wapi na ulikuja na nani. Jina la kitaalamu halisemi hayo, na ndiyo sababu hukawia kushika.

Mjengo unaovutia kuliko yote ni maji tiririka. Sarufi ya shuleni ingedai maji yanayotiririka au maji yatiririkayo. Matangazo ya afya yaliondoa kiambishi cha upatanisho na cha urejeshi pia, yakabakiza nomino na kitenzi vimekaa pamoja kama mume na mke. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kukunja uso. Lakini mjengo huo una ndugu aliyetangulia, kibuyu chirizi, lile dumu la maji linaloning’inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, ambalo kampeni za usafi wa vyoo zililisambaza vijijini kabla ya korona. Tofauti ni ndogo na ina maana: chirizi imepata irabu -i ya kuundia jina kutoka kitenzi, hivyo inaweza kusimama kama sifa, tiririka imebaki na -a yake ya kitenzi. Kwa hiyo maji tiririka ni mjengo mpya zaidi, na umekubalika kwa sababu ni mfupi, una mwendo, na sauti yake inafanana na kitendo chenyewe. Mwanachuo wa Butimba aliyerudi Sengerema au Ukerewe aliweza kuubeba kichwani mpaka nyumbani, akaueleza kwa Kisukuma au Kikerewe bila kuhitaji karatasi.

Si kila kilichoundwa kilifaulu. Umbali wa kijamii ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa msikilizaji wa Kiswahili inadokeza kwamba jamii imetengana, kama vile kuna ugomvi. Kilichotakiwa ni watu waachiane nafasi huku wakiendelea kupendana, na kuachiana nafasi ni maneno ambayo yalikuwepo. Katika nchi ambamo kutopeana mkono huchukuliwa kuwa kiburi au chuki, uchaguzi huo haukuwa mdogo.

Mwanachuo na mhitimu

Tumezungumzia waliokuwa chuoni. Chuo kina watu wengine, waliokwisha kuondoka, na hao ndio uongozi ulioonekana kukosa namna ya kuwaita.

Neno chuo katika Kiswahili cha kale lilimaanisha kitabu; Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa za kale kabisa tulizo nazo, huitwa pia Chuo cha Herekali. Kutoka kwenye kitabu, maana ilihamia mahali pa kukisomea, yaani chuo cha Kurani, na hatimaye kwenye taasisi ya leo. Aliyebobea aliitwa mwanachuoni, na jina hilo hakulivua hadi kufa. Mwanachuo wa leo, kinyume chake, hulivua siku ya mahafali na kuitwa mhitimu. Hitimu linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukamilisha na kutia mhuri. Kwanza lilihusu kumaliza kusoma Kurani. Kwa hiyo mhitimu ni mtu aliyetiwa mhuri, amekwisha. Baadhi ya vyuo vikuu nchini huita baraza la wahitimu wao Masajili, na hapo nako kinachosisitizwa ni orodha. Maneno yote mawili yanamtazama mtu kwa nyuma.

Kwa chuo cha ualimu hili ni jambo zito. Wahitimu wa Butimba ni walimu, na tarehe 17 Machi 2020 walimu hao ndio waliosimama mbele ya watoto kuwaambia waende nyumbani. Wengine ni wakuu wa shule, nao waliandika matangazo kwa wazazi. Waliandika kwa mtindo gani? Kwa mtindo waliousoma kila siku ubaoni walipokuwa chuoni. Hakuna somo la ualimu linaloitwa kuandika tangazo. Linafundishwa na ubao wenyewe. Chuo kinachosema mnatangaziwa kinaandaa, bila kukusudia, walimu watakaosema wazazi mnatangaziwa, na mzazi wa Kwimba atakayeusoma ujumbe huo ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo, asiye na mtu wa kumwuliza.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, baada ya Rais John Magufuli kutangaza hivyo mwezi Mei. Shule nyingine zilifuata tarehe 29 Juni. Takwimu za kitaifa zilikuwa zimesimama mwanzoni mwa Mei, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena hadi katikati ya 2021. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020 zilikataza kuchapisha habari za ugonjwa wa kuambukiza bila idhini ya mamlaka husika. Katika mazingira hayo, kiongozi wa chuo aliyetaka kuwaandikia wahitimu wake juu ya ugonjwa alikuwa na njia nyembamba ya kupita, na si haki kumlaumu leo kana kwamba njia ilikuwa pana.

Lugha haikai kimya, hutafuta upenyo. Mwanzoni mwa 2021 ulienea msemo changamoto ya upumuaji. Changamoto, tukumbuke, lilianza maisha yake likiwa na maana ya jambo linalomchangamsha mtu atende. Limekwisha kuchoka kwa kutumiwa badala ya tatizo, shida, ugonjwa na hata msiba, na hapa lilipewa mzigo mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Msemo huo haukuwa uongo. Ulitaja dalili bila kutaja ugonjwa, na kila msikilizaji alielewa. Tarehe 26 Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, ambalo ndilo mmiliki wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, lilitoa waraka uliouita ugonjwa kwa jina lake na kuwahimiza waumini kujikinga. Mwezi Machi katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba zaidi ya mapadri 25 na watawa 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Zingatia tofauti ya mtindo: waraka ni barua, na barua huwa na mwandishi na mwandikiwa. Kisarufi, waraka hauwezi kuanza na mnatangaziwa.

Vyuo, kwa upande wao, viliwafikia wahitimu kwa mtindo mmoja uliokuwa tayari na ambao hakuna kanuni iliyouzuia, nao ni tanzia. Neno hili asili yake ni kuliwaza wafiwa. Katika Kiswahili limekuwa habari ya kifo yenyewe. Tanzia ina kila kitu kinachokosekana katika tangazo. Ina mtendaji: uongozi unasikitika. Ina jina la mtu, kazi aliyoifanya, miaka aliyofundisha, mahali atakapozikwa. Inawaita wahitimu kwa kuwa marehemu aliwafundisha, na inapopelekwa kwenye makundi yao ya WhatsApp inajibiwa, kwa pole, kwa kumbukumbu, kwa michango ya rambirambi. Ndiyo mawasiliano pekee ya chuo ambayo mhitimu huyajibu bila kuombwa. Mtafiti wa lugha hawezi kuacha kuona kwamba hitima, kisomo kinachosomewa marehemu, imetoka katika mzizi uleule wa mhitimu.

Haya hayana maana kwamba viongozi wa vyuo hawakujua kuandika kwa upole. Walijua, walikuwa wakiandika hivyo kila walipofiwa. Uwezo wa lugha ulikuwepo, katika mtindo mwingine, na haukuvuka kuingia katika tangazo kwa sababu mipaka ya mitindo ni migumu kuliko tunavyodhani. Dalili ya kuvuka ilionekana kidogo baada ya Aprili 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuunda kamati ya wataalamu, na zaidi baada ya 28 Julai 2021, alipozindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Chanjo ilitangazwa kuwa ya hiari. Jambo la hiari haliwezi kusemwa kwa mnaagizwa. Mtunga tangazo analazimika kutoa sababu, na akitoa sababu anaanza kuzungumza.

Kwa watafiti kuna kazi inayopaswa kufanywa mapema. Ubao wa matangazo hauna kumbukumbu: karatasi mpya hubandikwa juu ya ile ya zamani, na mvua za masika humalizia zilizo upande wa nje. Tanzia za 2021 bado zimo katika simu za watu, lakini simu huibiwa na huvunjika. Matangazo ya Machi 2020 yaliyosalia, kama yapo, yamo katika mafaili ya ofisi za washauri wa wanafunzi na katika madaftari ya wanachuo walioyanakili kwa mkono kabla ya kupanda basi, na wanachuo hao sasa ni walimu katika shule za Magu, Misungwi na Ukerewe.